Chupa Mbili za K

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: Ijumaa anateua naibu wake. Tumebaki wawili, mimi na Miwani. Mwenzangu huyu mwaka mzima kachungulia ngozi za samaki, chura, kifaranga na panya. Anadai wenye uti wa mgongo wote hali ni moja. Kuna vimeng'enya, yaani mikasi inayokata gundi kati ya seli. Kuna na vizuizi, walinzi wa mikasi hiyo. Mlinzi akisinzia, tabaka la juu la ngozi hubanduka kabla ya wakati wake. Maneno mengi! Mimi nitapaka kizuizi uso mzima, Ijumaa niingie nang'aa. Nani atakumbuka samaki?

Jumanne, 4 Machi
Nimejaza chupa mbili. Ya kimeng'enya nimeandika K. Ya kizuizi nimeandika K. Hata mwizi hang'amui! Miwani kanishauri niandike majina kamili. Nikamwambia ashike lake.

Jumatano, 5 Machi
Ipi ni ipi? Nimenusa. Zote hazina harufu. Nimechukua ya kulia, nikapaka. Mke wangu kasema kulia kuna maana mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Uso unabanduka kama ganda la kitunguu. Mama mkwe kanitazama wee, kisha kamuuliza binti yake kama alichoolewa nacho ni nyoka. Mke wangu kasema hapana, nyoka hujivua kwa mpango. Imeniuma, sifichi. Unaibu nautaka mno.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Miwani, akieleza utafiti wake ukumbini, alipofika kwenye ngozi iliyokosa kizuizi, Mkuu akaniomba nisimame kando ya picha ya chura. Ukumbi mzima ukainuka kuniangalia. Mkuu akasema hajapata kuona ushahidi wazi namna ile. Picha yangu inakaa ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya samaki, juu ya kifaranga, juu ya panya. Tabaka la juu ni mimi! Unaibu kapewa Miwani. Agizo lake la kwanza ni kwamba zile K zifutwe leo leo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetii, tena nimemzidi akili. K zote nimefuta. Sasa mkasi ni M na mlinzi ni M, hakuna kuchanganya tena. Uso bado unawasha. Nimepaka M.