Maelezo Chini ya Picha ya Askofu

Jumatatu, Juni 16

Siku kubwa! Mzee Mburu, mwenye duka letu la uchapishaji hapa Thika, ametangaza anafungua tawi Ruiru. Meneja ni mimi au Jackie. Kipimo: kitabu cha jubilei cha kanisa moja la Mwiki. Picha mia moja na ishirini, kila moja na maelezo chini yake. Kinagawiwa Jumapili. Sote tunapewa kazi ileile, anayemaliza kwanza ndiye.

Jackie hupanga kurasa kwa mkono, picha moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mimi nina programu yangu, nimeitunga mwenyewe. Mteja anaandika kwa simu, anaweka nyota penye kichwa, alama ya mshangao penye jina la faili ya picha, na programu inapanga kurasa. Kuna kashida kamoja. Haijui maelezo ya picha ni nini. Nimemwambia Mzee iko tayari. Itakuwa.

Nyumbani Kiganjo nimemwambia mke wangu Naliaka aanze kufunga vyombo. Ameuliza kama nimepewa barua. Barua ya nini, na mimi ndiye Dismas?

Jumanne, Juni 17

Wueh! Nimeweza! Sheria ni hii: mstari unaoanza na mkwaju, kile kistari cha kulala (/), ni maelezo, na ni ya picha iliyo juu yake. Nimejaribu na picha tatu za harusi yangu. Naliaka anakata keki, na chini yake: "Naliaka akikata keki." Machozi yalinilengalenga.

Jackie akasema nijaribu na ukurasa wa kanisa lenyewe, maana kila mtu huandika kivyake. Akaongeza kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Wivu tu! Nimemtumia Mwalimu Kaveke, katibu wa kanisa, maagizo aweke mkwaju mbele ya kila maelezo. Mahali pa kuyaweka sikumwambia. Nani asiyejua maelezo hukaa chini ya picha?

Alhamisi, Juni 19

Kazi ya Mwalimu imefika, mikwaju yote ipo. Nikabonyeza. Programu ikakataa! Ati mstari wa kwanza ni maelezo yasiyo na picha. Nikabonyeza tena, ikakataa tena. Jackie akaanza kusogeza kiti aone. Nikafunika skrini na sweta.

Mstari mmoja tu! Nikaiamuru programu ikikuta maelezo yasiyo na picha iyatupe, inyamaze. Ikanyamaza. Picha ya mwisho ikabaki bila maelezo, nikaiandikia "Picha nzuri." Kurasa sitini na nne, sekunde tisa! Jackie alikuwa ukurasa wa kumi na moja. Mzee Mburu akanishika mkono akasema Ngai, Mungu wangu, huyu kijana ni moto. Jackie ameambiwa aache.

Naliaka amefunga vikombe vyote kwa magazeti. Tumekunywa chai kwa bakuli.

Ijumaa, Juni 20

Mwalimu Kaveke amekuja kukagua kabla hatujachapisha. Miwani ameisahau Mwiki. Alikagua vile watu wote hukagua: alitafuta picha yake, akaona suti imekaa vizuri, akatia sahihi. Nakala mia tano zimetoka. Mungu ni nani!

Jumapili, Juni 22

Kumbe Mwalimu huandika maelezo juu ya picha! Amenieleza mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba mgeni hutangazwa kwanza ndipo asimame, na hiyo ndiyo itifaki. Kwa hivyo kila maelezo yaliruka yakakaa chini ya picha ya mwingine. Na ule mstari nilioutupa ulikuwa jina la Askofu Njau.

Askofu amesimama na fimbo yake, na chini yake: "Tangi jipya, lita elfu kumi, zawadi ya akina mama." Chini ya tangi: "Mwenyekiti wetu, amehudumu miaka kumi na tisa." Chini ya mwenyekiti: "Choo cha wageni kabla ya ukarabati."

Kanisani kicheko kilianzia kwenye kwaya. Nikateleza chini ya benchi. Halafu Askofu akasoma, akacheka mpaka akavua kofia! Akasema ameitwa mengi, lakini hakuna aliyewahi kumkadiria lita elfu kumi. Nakala zote zikaisha. Ni kitabu gani kingine cha kanisa kimewahi kusomwa mpaka ukurasa wa mwisho? Huko mwisho alikuwa Mzee Mburu mwenyewe, mchapishaji. "Picha nzuri." Aliitazama muda mrefu.

Mwenyekiti hakucheka. Nilimwona akienda kumtafuta Mzee.

Jumatatu, Juni 23

Uamuzi umetoka. Jackie anaenda Ruiru kuwa meneja. Mimi nabaki Thika, na kila kazi yangu lazima nimtumie Jackie aisome kabla ya kuchapishwa. Yaani nimemfukuza adui mpaka Ruiru, na juu ya hayo nimepata meneja mzima wa kunisomea kazi! Naliaka anafungua vyombo, sufuria moja moja, kwa kishindo. Nimemweleza kwamba Thika ndiyo makao makuu. Sufuria ikaanguka.

Chanzo cha matatizo nimekigundua. Si Mwalimu, wala si mikwaju. Ni ile tabia ya programu kulalamika! Alhamisi ilinitia wasiwasi bure, tena mbele ya watu. Leo nimeondoa malalamiko yote, haikatai kitu tena. Jumamosi tuna vitabu vya harusi moja na mazishi mawili. Nimezitia picha zote kwa faili moja, programu itajua ipi ni ya nani. Jackie nitamtumia zikishachapishwa, asichoke. Nimebonyeza.

Kimya. Hakuna hata kosa moja!