Komamanga Langu Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu karudi kutoka kwa jirani, Fundi Saa, na komamanga. Kalila mezani kwangu, punje baada ya punje, huku akimsifu. Eti jirani ana mkono wa miti. Na mimi je? Nina mkomamanga! Una tunda moja, lakini ni langu. Wivu umenikaba hadi nikampigia simu mama mkwe: Jumamosi akija, atakula komamanga la mti wangu. Mama mkwe hasahau ahadi.

Jumanne, 4 Machi
Fundi Saa kachungulia ukutani. Kaniambia nimwagilie kidogo kidogo, maji mengi ya ghafla hupasua tunda. Thubutu! Anataka langu libaki kama gololi. Nimemwaga ndoo tatu. Limenenepa, nimeliona kwa macho yangu.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Saa alipokwenda kibandani kwake, nimeingia uani mwake na kisu cha jikoni. Nimefyeka machipukizi yote shinani mwa mti wake. Tuone atavuna nini! Miiba imenichana mikono. Nimelala mchana, usingizi mtamu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Fundi Saa kaja kushukuru, mkononi kisu chetu nilichokisahau chini ya mti wake! Kumbe machipukizi yale yalikuwa yakinyonya nguvu za mti, na mgongo wake haumruhusu kuinama. Kaona mikwaruzo yangu, kanikumbatia. Mke wangu kanitazama kama siku ya harusi. Nimepokea sifa, ningefanyaje? Jioni, ndoo tatu nyingine, kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe hata mkoba hajautua, kauliza komamanga liko wapi. Nikampeleka. Limepasuka katikati, sisimizi tele. Kauliza kama ndilo hilo. Nikasema ndilo. Mke wangu kakimbilia kwa jirani. Fundi Saa kaja na beseni zima. Mama mkwe kampa kiti. Kiti changu! Fundi Saa kasema mikono yangu ndiyo iliyousafisha mti wake. Mama mkwe kasema basi mikono hiyo imenye. Nikawamenyea wote wawili.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaondoka. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Mtu hawi mwema hivyo bure. Sisimizi wale walitokea upande wa ukuta wa Fundi Saa! Tena kanishauri nikate machipukizi yangu pia. Sikati hata moja. Kosa nimeshalijua: ndoo tatu zilikuwa chache. Leo kuna ua jekundu limechanua mtini kwangu. Nimempigia simu mama mkwe, hata kwake hajafika.