Mbwa wa Bi Mishi na Siri Iliyofichwa kwa Lami

Jumatatu, 14 Julai 1997

Nimempasua mbwa wa Bi Mishi. Tumbo liko wazi mezani, skrubu zote nane ziko kwenye kikombe. Sasa ndiyo nakusalimu, daftari. Hujambo? Mimi sijambo sana.

Si mbwa wa nyama. Wa plastiki na manyoya. Shaaban, mtoto wa Bi Mishi, alimleta kutoka Dubai kwa ajili ya mjukuu. Ukimpigia makofi anabweka mara tatu, kisha anatembea. Bi Mishi, jirani yangu ukuta kwa ukuta, yuko Kondoa harusini na huyo mjukuu mpaka Jumapili. Mbwa kaniachia mimi. Alisema nimtunze kama yai. Namtunza. Kumjua nje na ndani si ndiyo kumtunza?

Shida yangu ni mbuzi wa Majengo, mtaani kwetu huku. Nikigeuka sokoni kumpimia mteja nafaka, wameshatia midomo kwenye gunia la uwele. Mbwa wa kweli anataka ugali na sindano. Huyu anataka betri mbili tu. Nikijua panapotoka ile sauti, nitatengeneza zangu, nizitie kwenye visanduku vya mbao, kila gunia sokoni libweke.

Nitaweza? Mwanangu Paskazia yuko mwaka wa pili chuo cha ufundi Arusha, anasomea umeme. Msichana peke yake kati ya wavulana thelathini, na anawaburuza. Kichwa kile hakukiokota njiani. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa hatii betri kwenye tochi bila kuzigeuza kinyume kwanza. Basi jaza mwenyewe kimetoka kwa nani. Mimi niliishia darasa la nne kwa sababu ya ada, si kwa sababu ya kichwa.

Likizo iliyopita Paskazia alinifundisha: kabla hujachomoa kitu, chora. Nimechora. Waya nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye betri. Mbili za njano zinakwenda kwenye mota ya miguu. Mbili za bluu, spika. Kidude kama punje ya njegere, hicho ni sikio, kinasikia makofi. Katikati kibao cha kijani chenye njia njia kama vichochoro vya huku kwetu, na vichochoro vyote vinaishia kwenye tone moja jeusi. Lami. Nani anatia lami tumboni mwa mbwa? Mwenye kuficha kitu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeikwangua. Miaka kumi na tano nauza nafaka. Gunia lililoshonwa mara mbili lina siri, na siri huitoi kwa kulitazama.

Kisu nilikipasha moto kwenye jiko. Lami yao ngumu, si kama ya barabara. Ilichukua asubuhi nzima. Chini yake nimekuta kipande kinachong'aa, kidogo kuliko punje ya uwele, kina nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi tatu zilikatika. Haidhuru, zimebaki nyingi.

Kwa hiyo nimegundua. Kubweka kunakaa pale.

Nikamfunga tena. Imebaki skrubu moja, nadhani kiwandani walizidisha. Nikampigia makofi. Kimya. Nikapiga tena, kwa nguvu. Mpita njia akachungulia uani, akauliza kama kuna mgeni rasmi. Nikasema nafanya mazoezi ya kwaya.

Amechoka tu. Kesho ataamka.

Jumatano, 16 Julai

Hajaamka.

Nimempeleka kwa Gideoni, fundi redio wa pale sokoni. Sikupenda. Ni kijana mwenye dharau, kabao kake ka nje kameandikwa "Daktari wa Redio". Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Shikamoo, Mama Paskazia. Huyu marehemu umemleta kwangu au kwa padri?"

Akaniambia ile lami ndiyo kifuniko cha ubongo, kwamba sauti, sikio na amri ya kutembea vyote vilikuwa kwenye ile punje, na ubongo ukishakwanguliwa haushonwi. Nikamwambia basi niliyoyagundua ni kweli. Akasema ni kweli, kama mtu aliyechinja kuku na kugundua kwamba kuku alikuwa hai.

Nikaenda posta kumpigia simu Paskazia. Dakika tatu. Nilimweleza mchoro wangu wote, akasifu. Nikasikia anawaambia wenzake, mama yangu kachora saketi. Moyo ulijaa. Kisha akauliza: "Lakini mama, ile nyeusi ya katikati hukuigusa?" Nikamwambia laini mbaya, simsikii.

Zimebaki siku nne. Bi Mishi ndiye aliyelala hospitali na mimi wiki mbili nilipopasuliwa, akala baridi sakafuni. Sitaki kumwona akimtazama mjukuu wake, halafu anitazame mimi. Lazima huyu mbwa atoe sauti.

Alhamisi, 17 Julai

Sauti imepatikana. Ila imeniuma kidogo.

Kadi ya Krismasi, ile Paskazia aliyoniletea mwaka wake wa kwanza chuoni. Ukiifungua, inaimba. Nilikuwa naifungua mara moja tu kwa wiki, Jumapili, ili isiishe. Leo nimeipasua kwa wembe, taratibu. Ndani kibao kidogo, spika bapa kama shilingi, na tone la lami. Hilo sikuligusa. Nimeyaweka maandishi yake ndani ya Biblia, karatasi haina kosa.

Gideoni alikubali kuziunga waya kwa risasi, malipo kopo mbili za karanga, ila mchoro ni wangu: waya za kadi na za mota zote ziende moja kwa moja kwenye swichi ya tumboni. Alinung'unika kwamba makofi hayatafanya kazi, sikio halina pa kupeleka habari. Nikamwambia makofi ni anasa.

Tukawasha. Akatembea huku anaimba. Hata Gideoni alivua kofia. Alisema ni kwa ajili ya kucheka, lakini alivua.

Jumapili, 20 Julai

Wamerudi. Bi Mishi kaniletea kipande cha nyama ya harusi na asali ya Kondoa. Nikamwambia mbwa amepata elimu. Nikawasha.

Alitembea mkeka mzima akiimba Krismasi mwezi wa saba. Bi Mishi akakaa chini polepole. "Shoga," akasema, "nilikuachia mbwa, umenirudishia mwanakwaya."

Nilitaka kucheka naye. Lakini yule mtoto alimzima, akamweka mbele yake, akapiga makofi. Akasubiri. Akapiga tena. Kisha akanitazama. Hakulia. Afadhali angelia.

Sijui kilichonipata. Nikabweka. Mara tatu, kama yule mbwa alivyokuwa akibweka, na nikapiga hatua mbili kwa magoti.

Mtoto akapiga makofi tena. Nikabweka tena. Bi Mishi alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Nikamweleza yote, kisu na lami na kadi. Akairudisha kanga kichwani, akasema hukumu yangu ni hii: mpaka Shaaban alete mbwa mwingine, mjukuu akipiga makofi, nabweka, iwe nyumbani, iwe sokoni. Nimekubali. Asali kaniachia.

Jumatatu, 21 Julai

Nimebweka mara kumi na moja kabla ya chai.

Habari zimefika kanisani. Mzee Bartolomayo, kiongozi wa kwaya, amekuja na vijana wawili wamebeba kinanda cha umeme cha kanisa. Noti tatu hazitoki. Anasema aliyeweza kumtia mbwa wimbo, noti tatu zitamshindaje? Nimemwambia hazinishindi.

Gideoni akapita, akasema kile kinanda thamani yake ng'ombe wanne, tukiache, tumsubiri fundi kutoka Dar es Salaam. Wivu. Nimeshahesabu skrubu, ishirini na mbili, nimeziandalia vikombe. Nikachungulia kwa tochi kwenye tundu la nyuma. Kila kitu kinaeleweka kabisa.

Safari iliyopita kosa lilikuwa kufanya kwa siri. Safari hii watu waje wajifunze. Kwaya yote inakuja, Bi Mishi analeta mikeka, mjukuu atakaa mbele, na Paskazia nimemwandikia aombe ruhusa chuoni aje anishikie tochi. Jumamosi tarehe 26, saa nne asubuhi, uani kwangu.