Pikapu ya Baba Mkwe na Shibiri Moja

Jumatano, 3 Juni

Ushindi! Mama Mkwe amenikabidhi mimi pikapu ya marehemu Baba Mkwe. Si Shemeji. Mimi! Imekokotwa asubuhi hadi uani kwetu, ikawekwa kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Imenizidi umri. Betri imekufa, lakini injini ni nzima.

Sharti lipo. Ijumaa ya wiki ijayo Mama Mkwe anastaafu ualimu baada ya miaka thelathini na minane. Siku yake ya kwanza kazini mumewe alimpeleka shuleni kwa pikapu hii. Siku ya mwisho anataka kurudi nyumbani kwa pikapu hii hii. Nikimchukua vizuri, ni yangu. Nikishindwa, anapewa Shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa ofisi ya bima, ambaye ameshatangaza kwamba ataiegesha mbele ya ofisi yao na kupanda maua ndani. Maua!

Mke wangu anasema kazi yote ni kuiosha na kubadilisha betri. Mwanamke mwema, ila hana jicho la ufundi.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeosha. Nimebadilisha betri. Imewaka. Kazi imekwisha, kwa mtu wa kawaida.

Nimekaa juu ya ndoo naitazama. Kuna kitu. Paa! Liko juu mno, kama kofia ya kuazima. Nimewahi kuona picha za pikapu za zamani zilizokatwa nguzo za madirisha, paa likashushwa, gari likaonekana limekunja uso. Pikapu iliyokunja uso nani atathubutu kuipandia maua?

Nimekwenda kwa Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti hapo mtaa wa pili. Anasema hajawahi kukata paa la gari, lakini mageti amekata mengi, na chuma ni chuma. Sikumuuliza swali la pili. Kesho viti vinakwenda kwa fundi wa makochi, navyo vipate heshima.

Jumapili, 7 Juni

Mke wangu kashinda kwa mama yake. Nafasi ya dhahabu.

Tumepima kitaalamu. Nimekaa ndani, sakafuni maana viti havipo, Cheche akanishikia kipande cha boksi juu ya kichwa. Nafasi tele! Nikaamua: shibiri moja, basi. Nikaingia ndani kupika chai.

Nimetoka na vikombe, nguzo ya kwanza imeshakatwa. Nilisema shibiri moja. Sikusema shibiri ya nani. Yangu ni ya mtu mwenye vidole vya kushikia kalamu. Kiganja cha Cheche kinafunika sahani nzima! Nikapiga kelele. Cheche akasema kwa upole kwamba shibiri ni shibiri. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukakata zilizobaki, tukashusha paa, tukachomelea.

Inapendeza kupita kiasi. Imekunja uso mpaka unasita kuisalimia. Kioo cha mbele hakiingii tena, kimepumzika chini ya kitanda.

Jumatatu, 8 Juni

Nimeifunika kwa turubai. Juu ya paa, chini ya turubai, nimepanga ndoo nne kichwa chini ili urefu uonekane ule ule wa zamani. Mke wangu kauliza kwa nini imefunikwa. Nikasema vumbi. Kauliza kwa nini imekuwa na mabega. Nikajitia hamnazo.

Najua, mficha uchi hazai. Lakini mimi sitaki kuzaa, nataka kufika Ijumaa.

Jumanne, 9 Juni

Shemeji kaja. Shati jeupe, ananukia manukato ya gari lake. Eti anapita tu, asalimie. Akaegemeza kiwiko juu ya turubai. Ndoo ikateleza, nyingine ikafuata, turubai likabonyea mbele ya macho yake kama mkate uliotolewa mapema.

Akauliza ni nini kile. Nikamwambia inapumua. Akanitazama jinsi watu wa bima wanavyomtazama mtu aliyeunguliwa na nyumba siku moja baada ya kuikatia bima. Kisha akatabasamu, akaaga. Heri angenitukana.

Jumatano, 10 Juni

Viti vimerudi. Vyekundu, sponji nene, mishono safi. Nimevifunga, nikajaribu kuketi. Kichwa kimefika kwenye paa kabla makalio hayajafika kwenye kiti! Naweza kuendesha, ndiyo, lakini sikio likiwa begani. Na Mama Mkwe ananizidi kichwa kizima, wala hajawahi kumwinamishia mtu shingo, hata wakaguzi wa shule.

Nikiwa bado nimekwama humo ndani, turubai likafunuliwa. Mke wangu. Shemeji kashapeleka habari. Kasimama pale na ufagio mkononi, kaizunguka mara moja, polepole. Hakufoka.

"Mama atakaa wapi?" akaniuliza.

Nikasema nina mpango. Sikuwa nao. Akasema gari hili ndilo kitu pekee ambacho mkono wa baba yake bado unaonekana juu yake, kisha akaingia ndani. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nimejikunja kwenye kile kiti kizuri mpaka kuku wakaingia bandani.

Alhamisi, 11 Juni

Mipango. Wa kwanza: kutoboa tundu juu ya paa la upande wa Mama Mkwe. Mke wangu kakataa kabla sijamaliza sentensi. Wa pili: kung'oa kiti, aketi sakafuni juu ya mto. Hapo atakuwa haoni nje, na nje watakuwa wanaona kilemba tu. Wa tatu: kurudisha paa. Nikakimbilia kwa Cheche kuchukua vile vipande vya nguzo. Kashavitumia kwenye geti la mteja! Nimekwenda kulitazama. Geti zuri, imara. Halitoki.

Shemeji kapiga simu, kasema kesho atakuwepo shuleni na gari lake, kama akiba. Neno hilo akiba kalitamka taratibu sana.

Ijumaa, 12 Juni

Nimekwenda. Nilikaa juu ya gunia lililokunjwa, kiti nimekiacha nyumbani. Kioo hakuna, nimevaa miwani ya kuchomelea ya Cheche. Nilikuwa naona giza na vivuli, lakini vumbi halikuniingia.

Shule nzima ilikuwa getini. Gari la Shemeji linameremeta, kiyoyozi kimewashwa, mlango umefunguliwa. Mama Mkwe akatoka na mkoba wake na shada la maua. Akaitazama pikapu. Nikavua miwani, nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi mbele ya walimu na wanafunzi wote. Nilimwambia ukweli wote, hata habari ya shibiri. Shemeji akamwonyesha mama yake njia ya kwenda kwenye kiyoyozi.

Mama Mkwe akamkabidhi lile shada. Akaagiza aletewe kiti chake kutoka ofisi ya walimu. Kikaletwa, akaamuru kifungwe kwa kamba nyuma, penye mizigo.

"Siku ya kwanza pia nilikaa huku, mwanangu," akaniambia. "Mbele baba yenu alikuwa ameng'oa sakafu. Aliniahidi ataifunga kesho yake."

Nikamuuliza aliifunga lini.

"Mke wako alipoanza kutambaa."

Akacheka mpaka akalazimika kufuta macho, na nadhani si kicheko peke yake kilichoyaleta yale machozi. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia pale getini, naye akapanda, akamshika mkono. Tumekwenda mwendo wa harusi, wanafunzi wanakimbia pembeni wakishangilia. Mama Mkwe kanyooka kitini, anapunga. Nyuma yetu Shemeji na shada lake, anakula moshi.

Nyumbani Mama Mkwe akatoa kadi ya gari. Nikanyoosha mikono miwili. Akampa mke wangu. Na mke wangu akaniapisha papo hapo, mbele ya mama yake na kaka yake, kwamba sitakata tena chuma chochote cha gari hili. Nimeapa. Nimetubu. Nimejifunza.

Jumapili, 14 Juni

Mama Mkwe kaipenda safari. Anataka kila Jumapili tumpeleke hivyo hivyo, nyuma, ila magoti yanamsumbua kupanda. Kaomba ngazi ndogo. Mke wangu kakubali. Ngazi tu, kasema.

Ngazi tu! Mimi nina pingamizi gani? Lakini ngazi inahitaji reli ya kushikia. Reli ikishakuwepo, ni dhambi kuacha kuweka kipaa cha kivuli juu yake. Kivuli kikikaa pale, nyuma inaonekana fupi, kama suruali iliyoruka maji. Ili nyuma irefuke inabidi fremu ikatwe katikati, kidogo tu, na kuongezwa kipande. Huko si kukata, huko ni kurefusha.

Mke wangu anasafiri Jumanne. Cheche nimeshamwambia aje asubuhi, na mara hii atapima kwa mkono wangu.