Madebe Kumi na Mawili ya Rubisi

Jumatatu, 5 Julai 1954

Bugomora. Jua kali. Leo nimepata kazi itakayoniingiza kwenye orodha ya watu wenye ng'ombe.

Mzee Muhangi, baba mdogo wa mke wangu Yudesi, anamwoza binti yake Felicitas Jumamosi ya wiki ijayo. Waoaji wanatoka Nyakakika. Kutakuwa na madebe kumi na mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tatizo ni ugawaji. Harusi ya mwaka jana watu walipigana kwa ajili ya pombe, na shemeji mmoja alipoteza meno mawili. Mpaka leo akisema "shikamoo" anapiga mluzi.

Mzee ametangaza mbele ya wote: atakayegawa pasipo ugomvi atapewa mtamba mwenye mimba. Mtamba! Mimi nina miaka thelathini na nne na sijawahi kumiliki hata mkia.

Siku zote aliyegawa ni Bibi Kokubanza, mjane, kwa kata yake ya kuchotea na jicho lake. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, ndiyo maana meno yakaenda. Sasa amepona. Methodius, karani wa mizani ya kahawa, naye aliitaka kazi.

Nikasimama. Nikasema mimi Tumwine nilifika Darasa la Nne na nikafundishwa hesabu za sehemu. Nikasema wageni wapewe nusu na ukoo wa Mzee upewe theluthi. Mzee alipenda sana neno "theluthi". Aliniomba nilirudie. Nikalirudia. Kazi ni yangu.

Jumanne, 6 Julai

Yudesi aliuliza kitabaki kiasi gani. Swali zuri. Nimekaa na penseli asubuhi nzima.

Nusu ni moja juu ya mbili. Theluthi ni moja juu ya tatu. Jumlisha juu kwa juu: mbili. Chini kwa chini: tano. Kwa hiyo natoa mbili ya tano, na tatu ya tano inabaki. Madebe saba na kidogo! Na hakuna aliyesema ni ya nani. Basi ni ya mgawaji.

Nilikwenda mara moja kwa Gaudiosus mwenye kilabu cha pombe kule barabarani. Tumekubaliana: madebe saba kwa baiskeli yake. Amenipa baiskeli papo hapo, kwa kuniamini. Haina breki. Nimerudi kwa kupitia shamba la migomba la Methodius. Sikupanga kupitia humo.

Alhamisi, 8 Julai

Majirani wamekuja wakiongozwa na Adelgunda, ambaye huongoza kila kitu. Walisema wao ndio watakaobeba kuni na maji, nao wanataka fungu lao. Niliingiwa na hofu. Nikawaahidi robo ili waondoke.

Kisha nikapiga hesabu. Moja, moja na moja: tatu. Mbili, tatu na nne: tisa. Tatu ya tisa ni theluthi tu. Inabaki theluthi mbili. Madebe manane!

Nimerudia mara tatu. Jibu ni lile lile. Nimetoa zaidi, kimebaki zaidi. Kanisani hutuambia kila mara kwamba mtoaji hapungukiwi. Nilidhani ni maneno ya kututia moyo tu. Kumbe ni hesabu.

Nimempelekea Gaudiosus habari za debe la nane. Ameongeza pampu.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa nimewaendea wapiga ngoma mwenyewe, bila kuombwa, nikawaahidi moja ya sita. Walishangaa. Mmoja alinishika mkono kwa muda mrefu. Sasa zinatoka nne ya kumi na tano, yaani madebe karibu tisa ni yangu. Nimefikiria kuwapa na wapita njia, lakini mtu asiwe na tamaa.

Methodius amekuja kuhusu migomba yake. Akaona daftari langu. Alisema huwezi kujumlisha sehemu mpaka namba za chini zifanane kwanza. Nilimwambia zikifanana zitajulikanaje? Akaenda zake. Darasani alikuwa wa kwanza, na wivu haujamwisha.

Jumatano, 14 Julai

Bibi Kokubanza amekuja polepole na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akakaa, akaomba ndizi kumi na mbili. Yudesi akaleta.

Akaniambia nimtolee wageni. Nikatoa sita. Ukoo: nikatoa nne. Majirani ni tatu, lakini mbele yangu zilikuwa zimebaki mbili.

"Na wapiga ngoma, mwanangu?" akauliza.

Nikamweleza kwa heshima kwamba ndizi ni vitu vigumu, zinahesabika moja moja, wakati rubisi ni maji na hufuata hesabu za vitabuni.

"Rubisi haijui kusoma," akasema. Akala ndizi moja, akaondoka.

Yudesi aliziokota ndizi zilizobaki. Kisha akanisihi nimwendee Mzee leo hii na kumwambia nimekosea. Alisema kila asubuhi anakwenda na kibuyu kwa baba yake mdogo kuomba maziwa ya mtoto wetu, na nikiiharibu harusi hii hatakuwa na uso wa kubisha hodi pale.

Nikamwambia atulie. Baada ya Jumamosi hatabisha hodi kwa mtu.

Jumamosi, 17 Julai

Naandika nikiwa nyuma ya zizi la Mzee. Siwezi kwenda mbele kwa sasa.

Mambo yalianza vizuri. Nilivaa koti. Nikatangaza mafungu yote kwa sauti, watu wakapiga makofi. Wageni wa Nyakakika: madebe sita. Ukoo: madebe manne. Nikageuka kuchukua ya majirani. Yamebaki mawili!

Niliangalia nyuma ya mitungi. Niliangalia ndani ya nyumba. Nilitangaza kwamba kuna mwizi. Adelgunda akasema mwizi ni aliyevaa koti.

Majirani wakayakamata madebe mawili. Wapiga ngoma wakaweka ngoma chini. Wakati huohuo akaingia Gaudiosus na wapagazi wanane, kila mmoja na debe tupu kichwani. Akauliza mbele ya wote rubisi yake iko wapi.

Msemaji wa Nyakakika akasimama. Akasema hawakuja kuoa kwenye nyumba inayouza pombe ya bibi harusi kabla hajatoka ndani. Wazee wake wakaanza kuokota fimbo zao. Felicitas alikuwa mlangoni, amejifunika shela. Mzee Muhangi alinitazama. Afadhali angenipiga.

Bibi Kokubanza akainuka. Akasema hakuna anayeondoka na kiu. Akaomba kila debe lirudishwe, la mgeni na la mwenyeji. Na watu wakarudisha! Akamimina kila kitu kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, akachukua kata, akaanza na yule msemaji. Kata moja, mtu mmoja, jicho lake likisema nani aongezewe. Hakuandika popote. Wageni wakakaa, ngoma zikalia, Felicitas akatoka.

Kata haikunifikia.

Jumapili, 18 Julai

Gaudiosus amechukua baiskeli, pampu na koti langu. Koti anasema ni la usumbufu wa wapagazi.

Mtamba amepewa Bibi Kokubanza. Yudesi hajasema nami tangu jana. Asubuhi alikwenda na kibuyu kama kawaida. Alisimama nje ya ua wa Mzee mpaka shangazi mmoja akamwona. Najua kwa sababu nilikuwa namfuata kwa mbali. Nilitaka kumwita. Nikarudi nyumbani kabla yake.

Jumatatu, 19 Julai

Habari kubwa. Bibi Kokubanza amekuja na mtamba mwenyewe, amemshika kamba. Alimwambia Yudesi kwamba yeye ni mzee, miguu haiwezi tena malisho, basi Yudesi amtunze. Akizaa, maziwa watagawana nusu kwa nusu. Yudesi alilia. Bibi akamwambia mbele yangu kwamba Tumwine asiguse kata, kibuyu wala kamba.

Nimekubali. Nimeadhibiwa kwa haki na sina neno.

Ila baada ya chakula nimekaa na penseli. Nusu ya Bibi ni moja juu ya mbili. Nusu ya Yudesi ni moja juu ya mbili. Juu kwa juu: mbili. Chini kwa chini: nne. Mbili ya nne ni nusu tu!

Nusu nyingine ya maziwa haina mwenyewe.

Wao hawajaliona hilo. Sitaki kuwasumbua. Kesho asubuhi naenda dukani kwa Bwana Ramadhani, ambaye nasikia anahitaji maziwa ya chai kila siku. Nitamwuliza pia kama ana koti.