Jina Chini ya Kibuyu

Jumatatu, 7 Julai

Mwanangu Illari ameninyang'anya tindo sasa hivi na kuchora mlango. Mstari mmoja mrefu, kuanzia kwenye bawaba hadi pale mkono wake mdogo unapoishia. Miaka miwili hajatimiza! Nimemkaripia. Kisha nimembusu. Kisha nimeutazama ule mstari tena. Umenyooka kuliko mistari ya wifi yangu Nélida.

Haya, kazi. Mama Saturnina, mama mkwe wangu, amenipa kibuyu kikubwa cha kwenda kushindana kwenye maonyesho ya mji wa Huancayo. Nichore sikukuu ya Santiago, ile ya mifugo: ng'ombe na riboni masikioni, wanawake na ngoma zao ndogo, fidla, walevi. Mimi nachonga. Nélida anaunguza kwa kijinga cha moto pale panapotakiwa weusi. Mama mkwe anapaka mafuta na majivu ya nyasi ili kila mkato uonekane. Kisha anageuza kibuyu, na pale chini, shina lilipokuwa, anachonga jina. Moja tu. SATURNINA. Kila kibuyu cha nyumba hii kinatoka na jina hilo, hata kile nilichochonga nikiwa na mimba, nikikiegemeza juu ya tumbo kama meza.

Mama yangu mzazi alichonga maisha yake yote katika nyumba ya watu. Sasa hayupo. Nikipita sokoni nageuza kila kibuyu cha zamani natazama chini. Majina ya wengine tu. Labda cha kwake nimewahi kukishika, nikakirudisha mezani.

Illari hatageuza vibuyu vya watu. Nimeapa! Jina langu litaingia kwenye hiki, wapende wasipende. Kwa siri lakini. Kuomba, siombi.

Jumatano, 9 Julai

Mpango umekamilika. Mzuri mno! Ng'ombe huwa na chapa ubavuni, sivyo? Basi fahali wa mbele, yule mnene, nimempa chapa. YOVANA. Herufi ndogo, safi, zimelala ubavuni kama zilizaliwa naye. Nani atamsoma fahali?

Nimekula viazi vitano kwa furaha. Illari amekula cha sita, pamoja na udongo.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa!

Nélida amemuunguza fahali. Mzima. Kuanzia pembe hadi mkia, mweusi tii. Jina langu limezama humo kama jiwe kisimani. Nikamuuliza kwa upole (sikuwa na upole) kwa nini. Akanishangaa. Akasema, we wifi, una homa? Fahali wa mbele si ndiye Carbón wetu, na Carbón ni mweusi? Au ulitaka nimpake maziwa?

Kweli. Huku kwetu hatuchori ng'ombe wa kubuni. Tunachora wa nyumbani, na kijiji kizima kinawajua. Ningechagua yule jike mweupe! Amesimama pale nyuma, ubavu mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa juzi.

Akaongeza kwamba ubavuni mwa Carbón nilikuwa nimekwaruza vibaya, ila nisijali, amenifichia. Amenifichia! Nikamshukuru. Meno yaliniuma.

Sirudi nyuma.

Jumapili, 13 Julai

Kama jina halikai, basi sura. Nimejichora mwenyewe katikati ya sikukuu. Kofia yangu, sketi yangu yenye maua, shavu langu la mviringo, na Illari mgongoni ndani ya shuka, mguu mmoja nje kama kawaida yake. Kipofu angenitambua.

Mama mkwe amekiona. Ameshika kifua, na machozi yamemlengalenga. Akasema, mwanangu, umenichora nikiwa kijana! Na huyo mgongoni ni Wilder wangu, tazama mguu, ulikuwa hautulii huo!

Wilder ni mume wangu. Yuko mgodini, angekuwepo angecheka hadi aanguke.

Ameita majirani. Wamekuja na vigoda vyao. Yule bibi wa ng'ambo ya mfereji akasema, Saturnina, shoga, kumbe ulikuwa na kiuno! Mama mkwe akamjibu kwamba kiuno alikuwa nacho, mwenzake ndiye hakuwa na macho, alikuwa anakodolea waume za watu. Wakacheka mpaka simbilisi tunaowafuga wakajificha chini ya jiko.

Mimi nilikuwa nawagawia mahindi ya kukaanga. Nagawa huku nikitabasamu. Sketi ni ile ile niliyokuwa nimevaa! Hakuna aliyeitazama.

Jumanne, 15 Julai

Sasa wameniudhi.

Mpango wa mwisho, na huu hauna tundu. Mama mkwe ameshachonga jina lake pale chini. Chini ya jina hilo nimeandika langu kwa ncha ya sindano. Mikwaruzo myembamba, haionekani hata ukikigeuza juani. Lakini majivu hayaachi kitu! Atapaka mafuta, atapaka majivu, atafuta kwa kitambaa, na YOVANA litachomoza mbele ya macho yake. Na mkato kwenye kibuyu haufutiki. Maneno ya karatasi unayafuta, ya mdomo unayakana. Haya yanabaki. Atafanya nini, akile?

Nimekiweka sakafuni kidogo nikaenda kuangalia supu.

Alhamisi, 17 Julai

Majivu yamepakwa leo. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma ya Santiago. Mama mkwe akafuta chini kwa kitambaa. Akaacha. Akafuta kwa kidole gumba. Akatazama sana.

Nikasogea nikiwa na uso wa mtu asiyejua lolote.

Mikwaruzo! Huku, kule, mizunguko, mistari, kama kuku wamefanya mkutano. Illari! Wakati wa supu alikuwa na sindano yangu! (Namshukuru Mungu hakuimeza.) Jina langu lilikuwa chini ya fujo hiyo yote. Hata mimi sikulipata.

Mama mkwe akanitazama. Akatazama mikwaruzo. Akatabasamu upande mmoja. Akasema mjukuu wake ameanza kazi. Akachukua tindo, akachonga pembeni ya mikwaruzo: ILLARI.

Nilikwenda nje kulia. Sijui nililia kwa nini. Jina la mwanangu liko kwenye kibuyu, limekatwa sawasawa, halifutiki. Ni zuri. Nilirudi ndani kuliangalia tena. Kisha tena.

Lakini langu, je?

Jumatatu, 21 Julai

Tumeshinda! Jana mwamuzi aligeuza kibuyu, akaona majina mawili na ile mikwaruzo, akauliza, mama mkwe akaeleza. Watu wakapiga makofi. Wakawapiga picha bibi na mjukuu. Illari alikuwa anatafuna riboni ya ushindi. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika nepi.

Asubuhi hii mama mkwe, akimenya viazi, bila kunitazama, akasema mtu akitaka jina lake lionekane asikwaruze kwa sindano kama panya aliyeingia guniani, ashike tindo. Panya! Kisha akaniwekea kibuyu kipya mapajani, kikubwa zaidi, akakigeuza. Akasema, hapa chini mimi sijagusa, unaona? Na safari hii sigusi.

Naona, mama, nikamjibu. Mimi si mjinga. Ananionya! Anataka kupachunga pale patupu, aninase nikisogea tu. Basi pale chini sitapagusa kabisa. Akeshe akilinda!

Nimeshapata njia. Yule jike mweupe. Ndani ya sikio lake, nyuma ya riboni, herufi ndogo kuliko punje ya

Ananiita. Eti Yovana, njoo na tindo yako, ukae hapa karibu yangu, uanze na hapa chini. Asubiri kwanza! Nataka nimalize kuandika: sikio la kushoto, kwa sababu Nélida huanza kuunguza kulia, na nikishamaliza nitafunika na kitam