Farasi wa Jenerali Chini ya Nyumba Yetu

Paris, Julai 1857

Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kutundika Picha,

Baada ya salamu za heshima, nawashukuru kwa kuikubali picha yangu mwaka huu. Nimezoea kurudishiwa picha zikiwa na muhuri wa kukataliwa mgongoni. Hii imepata ukuta. Shida yangu ni ukuta wenyewe.

Kwanza, mmeitundika safu ya juu kabisa, chini ya dari. Ni picha ndogo ya nyumba tulimozaliwa mimi na dada yangu, karibu na mto Narew, ambako mimi mkimbizi siruhusiwi kurudi. Nilichora kila dirisha. Kutoka sakafuni, nyumba nzima haizidi biskuti. Bibi mmoja aliielekezea darubini yake, akamwambia mumewe, "Wamesahau kitambaa cha kufutia vumbi kule juu."

Pili, chini yake yupo farasi wa jenerali, mpana kuliko jiko letu, na watu wote wanamtazama yeye. Nilipomlalamikia mlinzi, alinijibu, "Mzee, shukuru hawakukutundika nje."

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, dada yangu Salomea anafika Alhamisi. Hatujaonana tangu ujana. Kibali chake cha safari kitakwisha kabla maonyesho hayajafungwa, na nyumba yenyewe iliungua zamani. Asipoiona hapo ukutani, hataiona tena popote.

Kwa hiyo naomba muishushe. Ikishindikana, inueni sakafu. Hilo nalo likiwashinda, mwombeni mchoraji mwenzangu amlaze farasi wake. Amesimama tangu siku ya ufunguzi, bila shaka amechoka, na nafasi itapatikana juu ya mgongo wake.

Nisalimieni wajumbe wote, wabeba ngazi, na jenerali.

Wenu mtiifu, mwenye shingo inayouma,

Hieronim Zaremba

Baada ya sahihi: Barua hii ilinikalia mfukoni, na sasa Alhamisi imefika. Salomea alisimama mbele ya farasi, akashika kofia yake, akainua kichwa. Kisha akacheka huku anajifuta macho.

"We Hieronim, si ndivyo tulivyokuwa tukiiona tukifua kule mtoni? Nani mwingine angekumbuka kuiweka juu kilimani?"

Sifa niliipokea. Tafadhali msiiguse picha. Farasi naye abaki alipo: hapo ndipo penye mto, na ndipo tulipokuwa tukiwanywesha wa kwetu.